KRACK na ripoti ya mkaguzi: kiraka cha Wi-Fi kinawekwa kwenye kifaa gani?

Swali

"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni fundi wa mtandao katika shule ya sekondari ya bweni mkoani Iringa. Tuna ruta mbili zenye mfumo wa OpenWrt, kompyuta za maabara zinazotumia Linux ya Debian 9, na simu na tableti za walimu, nyingi zikiwa za Android. Mkaguzi wa mifumo alipita na skana yake, ripoti ikasema Wi-Fi yetu ina udhaifu wa KRACK kwa kuwa kompyuta zina programu ya kujiunga na Wi-Fi iitwayo wpa_supplicant, toleo 2.4. Nilibadilisha nenosiri la Wi-Fi nikaweka lenye herufi 20, lakini skana inatoa majibu yaleyale. Sasa mkuu wa shule anataka kununua ruta mpya. Je, ndiyo dawa? Kama siyo, nianzie wapi?"

Jibu

Ndugu fundi, mwombe mkuu wa shule asitoe hela ya ruta kwanza. Mnaweza kufunga ruta ya bei yoyote ile kesho asubuhi na tableti za walimu zikabaki wazi vilevile, kwa sababu kosa la KRACK, yaani shambulio la kukifanya kifaa kisakinishe tena ufunguo uleule wa Wi-Fi, liko zaidi kwenye kifaa kinachojiunga na mtandao kuliko kwenye ruta. Nenosiri nalo halihusiki. Na kompyuta zako za Debian, kwa jinsi ulivyozieleza, yawezekana zilishazibwa tangu mwaka 2017 na skana ndiyo inayosoma vibaya. Nitayaeleza haya yote, lakini nianze na kosa lenyewe, maana ukishajua lilipo utajua pia kila kiraka, yaani rekebisho la programu, kinapaswa kwenda wapi, na hutahitaji kumuuliza mtu udhaifu mwingine utakapotangazwa.

Simu au kompyuta inapojiunga na Wi-Fi inayolindwa kwa WPA2, pande mbili hutumiana ujumbe mara nne. Katika ujumbe wa kwanza ruta hutuma namba ya kubahatisha, na katika wa pili kifaa hutuma ya kwake. Kwa namba hizo mbili, pamoja na siri inayotokana na nenosiri, kila upande hujitengenezea ufunguo wa kikao hicho, na ufunguo wenyewe haupiti hewani kamwe. Ujumbe wa tatu huthibitisha kwamba ruta nayo inao ufunguo huo, na hubeba ufunguo wa kundi, yaani ule wa matangazo yanayokwenda kwa vifaa vyote kwa pamoja. Wa nne ni wa kukiri kupokea. Kifaa kikishapata ujumbe wa tatu husakinisha ufunguo, na kuanzia hapo kila pakiti inayotoka imefichwa.

Sasa redio hupoteza ujumbe. Ruta isipopata ujumbe wa nne, hurudia kutuma wa tatu, na kiwango cha IEEE 802.11, yaani kanuni zinazoongoza Wi-Fi, kinaitaka ifanye hivyo. Kifaa kilipoupokea ujumbe wa tatu kwa mara ya pili, kilikuwa kinasakinisha ufunguo uleule tena kana kwamba ni mpya, na namba ya pakiti ikarudi mwanzo. Hapo ndipo kila kitu kinapoharibika. Kila pakiti hufichwa kwa mfuatano wa biti unaozalishwa kutokana na ufunguo pamoja na namba ya pakiti hiyo. Ufunguo uleule ukitumiwa na namba ileile mara mbili, mfuatano unaotoka ni uleule. Mtu aliyenasa pakiti zote mbili akizilinganisha, mfuatano unajifuta wenyewe na kinachobaki ni maandishi mawili yaliyochanganyika. Akilijua moja, na sehemu kubwa ya mawasiliano ya mtandao inatabirika, analipata na la pili.

Mathy Vanhoef wa Chuo Kikuu cha KU Leuven nchini Ubelgiji ndiye aliyeligundua hili na kulichunguza pamoja na Frank Piessens, na lilitangazwa tarehe 16 Oktoba 2017. Jambo linalonigusa kila ninapolifundisha ni kwamba mapatano haya ya hatua nne yalikuwa yametumika kwa zaidi ya miaka kumi, tena yakiwa na uthibitisho wa kihisabati kwamba ni salama. Uthibitisho ule haukuwa na kosa. Ulithibitisha kwamba ufunguo unabaki siri, ila haukusema lolote kuhusu ufunguo usakinishwe lini na mara ngapi. Udhaifu ulijificha katika sehemu ambayo hisabati haikuigusa.

Mvamizi anafanyaje? Lazima awe karibu, ndani ya eneo la mawimbi yako. Anasimamisha nakala ya ruta yako yenye anwani ileile kwenye chaneli nyingine, anakivuta kifaa kipite kwake, kisha anauzuia ujumbe wa nne usifike kwenye ruta halisi. Ruta inarudia wa tatu, kifaa kinasakinisha ufunguo upya. Angalia kwamba popote katika kazi hiyo hakuhitaji kulijua nenosiri lako, wala mwishoni halipati. Ndiyo maana herufi 20 ulizoweka hazikubadilisha chochote kwa KRACK. Lakini usizirudishe kuwa fupi. Nenosiri refu linakulinda na shambulio jingine kabisa, la mtu kunasa mapatano yale na kwenda nyumbani kukisia maneno kwa kompyuta yenye nguvu. Tangu mwaka 2018, Jens Steube, mtunzi wa programu ya hashcat, alipoonyesha kwamba kwa ruta nyingi mkisiaji hahitaji hata kumsubiri mtumiaji ajiunge, kazi hiyo imekuwa nyepesi zaidi.

Turudi kwenye wpa_supplicant, maana hiyo ndiyo iliyotajwa kwenye ripoti yako, na kwa kweli ndiyo iliyoumia kuliko zote. Programu hii, pamoja na ndugu yake hostapd anayefanya kazi upande wa ruta, inasimamiwa na Jouni Malinen wa Finland, na imo ndani ya Linux, ndani ya Android na ndani ya OpenWrt. Kuanzia toleo 2.4, baada ya kuusakinisha ufunguo ilikuwa inaufuta kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Hiyo ni tabia njema, siri usiyoihitaji tena usibaki nayo, na kiwango chenyewe kilidokeza kufanya hivyo. Lakini ujumbe wa tatu ulipokuja tena, programu ilirudi palepale ufunguo ulipokuwa, ikasakinisha ilichokikuta. Ilikuta sifuri tupu. Kuanzia hapo kifaa kilisimba kila kitu kwa ufunguo wa sifuri ambao mtu yeyote anaujua. Simu za Android 6.0 na za baadaye ziliingia katika hali hiyo. Windows na iOS ziliokoka kwenye sehemu hii kwa kuwa hazikuwa zinakubali ujumbe wa tatu uliorudiwa, ingawa kiwango kinasema zikubali. Zenyewe ziliguswa kwenye ufunguo wa kundi.

Marekebisho yalitoka siku ileile ya tangazo, viraka vinane kwa ajili ya wpa_supplicant na hostapd. Ukivisoma utaona ni vifupi. Kiini chake ni kwamba programu sasa inakumbuka kama ufunguo huu ulishasakinishwa, na kama ndiyo, inaujibu ujumbe wa tatu bila kuusakinisha tena. Ukiwasha logi za kina kwenye kompyuta iliyozibwa na ujumbe wa tatu ukarudiwa, utaona mstari huu:

WPA: Do not re-install same PTK to the driver

PTK ni ule ufunguo wa kikao, na mstari huo ndio kiraka kikifanya kazi. Toleo 2.6 la mwaka 2016 lilikuwa na marekebisho ya awali ya kuzuia ufunguo wa sifuri, lakini ilibainika kwamba ujumbe wa kwanza wa kughushi unatosha kuyapita, kwa hiyo usidanganyike ukaona 2.6 iliyojengwa kutoka chanzo bila viraka ukadhani ni salama. La kushukuru ni kwamba itifaki yenyewe haikubadilishwa. Kifaa chenye kiraka kinaongea na ruta isiyo nacho, na ruta yenye kiraka inaongea na simu ya zamani, bila matatizo. Kwa hiyo unaweza kuziba kifaa kimoja kimoja kadiri unavyopata nafasi, huhitaji kuuzima mtandao wote siku moja.

Sasa skana. Skana nyingi husoma namba ya toleo, zikaona 2.4, zikaandika "ina udhaifu". Debian haifanyi kazi hivyo. Toleo likishatoka, Debian haipandishi namba ya programu. Inachukua kiraka cha toleo jipya na kukishonea kwenye toleo la zamani, halafu inaongeza alama mwishoni. Kwa Debian 9, KRACK ilizibwa katika kifurushi 2:2.4-1+deb9u1, kilichotolewa siku ileile ya tangazo. Namba ya mbele ni 2.4 ileile, lakini ndani kuna viraka. Usinisadiki mimi, uliza kompyuta yenyewe:

dpkg -l wpasupplicant
zgrep CVE-2017-1307 /usr/share/doc/wpasupplicant/changelog.Debian.gz

Amri ya kwanza itakuonyesha alama ya deb9u na namba yake. Ya pili inatafuta ndani ya kumbukumbu ya mabadiliko zile namba za udhaifu zinazoanza na CVE-2017-1307, kuanzia 13077. Zikitokea, kiraka kimo. Nakala ya majibu hayo ndiyo utakayompa mkaguzi. Zisipotokea, kompyuta hiyo haijasasishwa tangu iliposakinishwa, na una kazi ya kufanya.

Kuna jambo moja ambalo mafundi wengi hulisahau hapa. Kusasisha kifurushi hubadilisha faili kwenye diski, lakini programu iliyokwisha kuwashwa inaendelea kuishi kwenye kumbukumbu ikiwa ileile ya zamani. Kompyuta ya maabara ambayo haijazimwa kwa muda mrefu inaweza kuwa na kiraka kwenye diski na bado inafanya kazi na kosa. Baada ya kusasisha, washa upya wpa_supplicant kwa systemctl, au bora zaidi izime kompyuta na kuiwasha, ili kerneli mpya, yaani kiini cha Linux, nayo ianze.

Lakini hapo hapo, ndugu yangu, nikuambie kitu ambacho ripoti ilipaswa kukiandika na haikukiandika. Msaada wa muda mrefu wa Debian 9 uliisha Juni 2022. KRACK imezibwa humo, sawa, ila yaliyogunduliwa baadaye hayazibwi na Debian tena. Hilo ndilo tatizo halisi la maabara yako, na dawa yake ni kuhamia toleo la Debian ambalo bado linahudumiwa. Hamisha kompyuta moja kwanza, hakikisha kadi yake ya Wi-Fi inafanya kazi, maana kadi nyingi zinahitaji fimuwea (programu ya ndani ya kadi yenyewe) ambayo kabla ya Debian 12 haikuwamo kwenye diski ya kawaida ya usakinishaji. Ukiona inakwenda vizuri, endelea na nyingine.

Kwa upande wa ruta, OpenWrt ilishughulikia KRACK mapema. Wakati ule mradi ulikuwa umegawanyika, na toleo 17.01.4 la Oktoba 2017 la tawi lake la LEDE lilikuwa na viraka. Soma faili /etc/openwrt_release kwenye kila ruta. Ikiwa ni 18.06 au zaidi, KRACK imeshazibwa, ingawa kwa sababu nyingine ni vizuri uwe kwenye toleo linalohudumiwa sasa.

Nilisema kosa liko zaidi upande wa kifaa kinachojiunga, na neno "zaidi" nimelitumia kwa makusudi. Ruta inahitaji kiraka chake yenyewe katika hali mbili. Ya kwanza ni pale ilipowashwa 802.11r, utaratibu unaomwezesha mtumiaji kuhama kutoka ruta moja hadi nyingine bila mawasiliano kukatika. Udhaifu CVE-2017-13082 uko humo, na huo unaishambulia ruta moja kwa moja. Ya pili ni pale ruta yenyewe inapokuwa mteja. Una ruta mbili: je, ile ya bwenini inapokea intaneti kwa kebo au inaivuta kwa mawimbi kutoka ile ya ofisini? Kama ni kwa mawimbi, basi kwa macho ya KRACK ni sawa na simu nyingine yoyote, tena simu inayobeba mawasiliano ya bweni zima. Hiyo iangalie kabla ya nyingine.

Tukiwa hapo hapo kwenye ruta, fungua /etc/config/wireless utazame mstari wa encryption. Ukikuta popote neno tkip, yaani njia ya zamani ya usimbaji, liondoe, acha psk2+ccmp. KRACK dhidi ya AES-CCMP, njia ya usimbaji iliyo imara zaidi, humwezesha mvamizi kusoma na kurudia pakiti, lakini hawezi kutunga zake, isipokuwa kwa kifaa kilichoangukia ufunguo wa sifuri. Dhidi ya TKIP anaweza kutunga, yaani anaweza kuingiza kitu ndani ya ukurasa usio na usimbaji wa HTTPS ambao mwalimu anausoma. Na mwaka 2018 lilipatikana kosa jingine katika wpa_supplicant, CVE-2018-14526, ambalo lilihitaji TKIP iwepo ili lifanye kazi. Kama kuna printa ya zamani inayodai TKIP au WEP, ulinzi wa kwanza kabisa wa Wi-Fi, iunganishe kwa kebo. WEP tusiijadili kabisa. Watafiti wa Darmstadt nchini Ujerumani walionyesha mwaka 2007 kwamba inavunjwa ndani ya dakika moja.

Sasa tufike kwenye vile vinavyonipa wasiwasi zaidi katika barua yako, yaani tableti na simu za walimu. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu kifaa, utafute tarehe ya sasisho la usalama la Android. Viraka vya KRACK viliingia katika kiwango cha tarehe 6 Novemba 2017. Soma siku, usisome mwezi peke yake: mwezi ule Google ilitoa viwango vitatu, vya tarehe 1, 5 na 6, na kifaa kinachoonyesha 1 au 5 Novemba hakina kiraka hiki. Chochote kinachoonyesha tarehe 6 hiyo au baada yake kiko salama kwa KRACK. Chochote kilicho nyuma yake, jaribu kukisasisha. Kama kiwanda kimeacha kukitolea masasisho, hakitazibika kwa juhudi zako wala za mwalimu.

Kwa vifaa vya namna hiyo kuna kinga ya upande wa ruta, na hapa ndipo ruta inapoweza kusaidia kweli. Kwa kuwa shambulio linategemea ruta kurudia ujumbe wa tatu, unaiambia isirudie. Kwenye OpenWrt unaongeza mstari huu chini ya mtandao husika wa Wi-Fi, kisha unaamuru wifi reload:

option wpa_disable_eapol_key_retries '1'

Gharama yake ni kwamba kifaa chenye mawimbi hafifu, au kilicholala ili kubana chaji, kikikosa ujumbe mara moja hakipewi tena. Kitashindwa kujiunga na itabidi kijaribu upya. Bwenini, ambako mawimbi ni dhaifu, utapata malalamiko. Mimi ningeunda mtandao wa pili kwenye ruta zilezile, wenye jina lake na nenosiri lake, nikaweka humo vifaa visivyozibika peke yake pamoja na mstari huo, na mtandao mkuu nikauacha na tabia yake ya kawaida. Mtandao huo wa pili usiuruhusu kufika kwenye seva ya shule. Na walimu waelezwe wazi kwamba kinga hii inafanya kazi wakiwa shuleni tu. Tableti hiyohiyo ikijiunga na Wi-Fi ya hotelini au ya nyumbani, udhaifu wake uko palepale.

Umetaja seva? Hukuitaja, lakini shule nyingi zina mfumo wa kuingiza matokeo unaokaa kwenye kompyuta ya ofisi ya taaluma na kufunguliwa kwa http tupu, kwa imani kwamba "ni mtandao wa ndani". Kama wako ni hivyo, uweke HTTPS wiki hii, kabla hata ya kumaliza tableti. KRACK inavua usimbaji wa Wi-Fi peke yake. Kilicho ndani ya HTTPS kinabaki kimefichwa kwa ufunguo mwingine usiohusiana na ruta yako. Nywila ya mwalimu wa taaluma inayopita kwa http inategemea Wi-Fi kwa kila kitu, na hayo ni matokeo ya watoto wa watu.

Ukitaka uhakika zaidi ya kusoma tarehe na namba, Vanhoef alitoa skripti za kupimia ambazo ziko wazi kwa umma. Unaziendesha kwenye kompyuta ya Linux, inajifanya ruta, kifaa unachokipima kinajiunga nayo, skripti inarudia ujumbe wa tatu kwa makusudi na kutazama kama namba ya pakiti inarudi nyuma. Inakujibu kwa kila kifaa kama kina udhaifu au hakina. Kipimo hiki kina thamani kuliko skana yoyote ya namba za toleo, kwa sababu kinapima tabia ya kifaa chenyewe. Kifanye kwa vifaa vya shule, na kwa simu za walimu waliokubali, ukiwa na ruhusa ya mkuu wa shule kwa maandishi.

Nimesema mwanzo kwamba ukijua kosa lilipo utajua kiraka kinapokwenda. Tazama yaliyofuata baada ya KRACK uone jinsi mahali panavyobadilika. Februari 2020 watafiti wa kampuni ya usalama ya ESET walitangaza Kr00k, CVE-2019-15126. Kwa sikio la haraka linafanana na la kwanza, maana napo kuna ufunguo wa sifuri, lakini hili lilikuwa ndani ya chipu za Broadcom na Cypress: kifaa kikikatwa kwenye mtandao, chipu ilifuta ufunguo halafu ikazituma pakiti zilizobaki kwenye foleni yake kwa sifuri. Hapo kusasisha wpa_supplicant hakukusaidii kitu. Kiraka ni cha fimuwea ya chipu, na Raspberry Pi 3 ni miongoni mwa vilivyoguswa, kama shule ina hizo kwenye klabu ya kompyuta.

Halafu tarehe 11 Mei 2021 Vanhoef, akiwa Chuo Kikuu cha New York tawi la Abu Dhabi, alitangaza FragAttacks, udhaifu wa namna 12 katika jinsi Wi-Fi inavyokata pakiti vipande na kuviunga tena. Alipima vifaa zaidi ya 75 na kila kimoja kilikuwa na angalau udhaifu mmoja. Baadhi ya makosa hayo yamo katika kiwango tangu mwaka 1997, maana yake hata WEP ilizaliwa nayo na WPA3, ulinzi unaoifuata WPA2, ikayarithi. Kwa kompyuta zako viraka vyake viko kwenye kerneli na draiva, na kwa ruta viko kwenye OpenWrt yenyewe. Ndiyo sababu nilikuambia uizime kompyuta na kuiwasha badala ya kuwasha upya programu moja.

Na mwaka 2024 ikatangazwa CVE-2023-52160, ambayo tena ni ya wpa_supplicant, lakini inawahusu wanaotumia Wi-Fi ya taasisi, ile ambayo kila mtu ana jina na nywila yake kupitia PEAP. Mvamizi aliweza kusimamisha mtandao bandia na kuruka hatua ya kuthibitisha nywila, kifaa kikajiunga nao kikidhani ni wa chuo. Shule yako kwa maelezo yako inatumia nenosiri moja kwa wote, kwa hiyo haikugusi leo. Ila mwalimu anayesoma shahada ya pili na kutumia Wi-Fi ya chuo kwa simu hiyohiyo, inamgusa, na kwake kiraka pekee hakitoshi: lazima pia mpangilio wa mtandao wa chuo kwenye simu yake uwe unahakiki cheti cha seva. Kosa lilifanya kazi pale tu ambapo kifaa hakihakiki cheti, na mafundi wengi huwaambia watu wachague "usihakiki" ili wajiunge haraka. Tafadhali wewe usiwe mmoja wao.

Kuhusu WPA3, kwa kuwa najua mkuu wa shule ataiona kwenye tangazo la ruta mpya: ni nzuri, na faida yake kubwa kwenu ni kwamba mkisiaji hawezi tena kunasa mapatano na kwenda kukisia nenosiri nyumbani. Lakini nayo ni programu, ina makosa yake. Aprili 2019 Vanhoef na Eyal Ronen walitangaza Dragonblood, na hostapd ikalazimika kurekebishwa katika matoleo 2.8 na 2.9. Ikiwa ruta zenu zinabeba OpenWrt ya sasa, WPA3 mnaweza kuipata bila kununua chochote, kwa sae-mixed inayopokea vifaa vipya na vya zamani pamoja. Ijaribu kwanza kwenye ruta moja, kwani baadhi ya tableti za zamani hukataa kujiunga zikikutana nayo.

Mpangilio wa kazi ningeuweka hivi: kwanza HTTPS kwenye mfumo wa matokeo na kuiangalia ruta ya bweni, kisha tarehe za masasisho kwenye tableti zote na mtandao wa pili kwa zisizozibika, halafu kuhamisha maabara kutoka Debian 9, kwa utulivu, kompyuta baada ya kompyuta. Jiandikishe pia kwenye orodha ya barua ya debian-security-announce na ufuatilie taarifa za TZ-CERT, kitengo cha taifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta, ili tangazo lijalo likufikie kabla ya mkaguzi.

Mkaguzi mwandikie kwa kila kifaa mistari mitatu: namba kamili ya kifurushi au tarehe ya sasisho la usalama, sehemu ya kumbukumbu ya mabadiliko inayotaja CVE-2017-13077, na majibu ya skripti ya kupimia. Vifaa visivyozibika viandike navyo, kwa majina ya mifano yake, pamoja na kinga uliyoiweka. Na ile hela ya ruta mpya, ikiwa kweli imeshatengwa, pendekeza itumike kubadilisha tableti zilizo nyuma ya tarehe 6 Novemba 2017, ukianza na ile ya mwalimu wa taaluma.